Nani Aupimaye Unga Wetu?

Mtu akinunua kitambaa sokoni Kadutu hukivuta kwa mikono miwili aone kama kitachanika. Akinunua sufuria huigonga kwa kidole asikilize mlio wake. Akinunua jogoo humpapasa kifua. Lakini akinunua unga wa bugali, afanya nini? Hutia vidole ndani ya gunia, huutazama weupe wake, pengine huonja kidogo kwa ncha ya ulimi, kisha hulipa na kwenda zake. Jioni watoto wote wa nyumba hula unga ule, na kesho tena, na kesho kutwa, mwaka hata mwaka. Hakuna kitu tununuacho mara nyingi kuliko unga, wala hakuna tukipimacho kwa uvivu kuliko huo.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kazi ya kupima chakula: ni nani aliyeagizwa kuifanya, apima nini, na ni kitu gani kinachompita bila yeye kukiona. Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu, na mama yangu aliuza unga sokoni kwa miaka mingi. Kwa hiyo jambo hili nalijua kwa pande mbili, upande wa ubao wa darasani na upande wa meza ya sokoni. Pande hizi mbili hazisemezani mara nyingi, nami nadhani hapo ndipo shida yetu ilipo.

Jicho na pua ya mkaguzi

Desturi ya serikali kuangalia vyakula vya watu si mpya katika nchi yetu. Zamani za Wabelgiji, tarehe 26 Julai 1910, ilitolewa dekreti juu ya kutengeneza na kuuza vyakula. Mama yangu, aliyekuwa msichana mdogo kabla ya uhuru wa mwaka 1960, husimulia jinsi Bwana Afya alivyofika sokoni asubuhi, daftari mkononi. Aliinama juu ya kila sinia. Aliwafunua samaki matamvua aone kama bado ni mekundu. Aliibonyeza nyama kwa kidole aone kama itainuka tena, akatafuta juu yake mhuri wa machinjioni. Kilichooza kilimwagiwa dawa na kutupwa shimoni mbele ya macho ya watu wote.

Kwa maziwa alikuwa na kidude cha kioo chenye kuelea. Maziwa safi ni mazito, nayo hukiinua. Maziwa yaliyotiwa maji hukiacha kizame zaidi. Mwenye kuuza maziwa aliweza kusimama karibu, akatazama kidude kikizama, wala hakuwa na neno la kujitetea.

Wauzaji walimwogopa mtu huyu, lakini waliielewa kazi yake, maana alichokiona yeye, wao nao walikiona. Sambaza wa ziwa letu wakilala bila kukaangwa wala kuanikwa, nani asiyejua? Harufu yao hufika kabla yao. Nyama iliyooza hujitangaza yenyewe. Kazi hii ya jicho na pua ilikuwa njema, na mpaka leo bado inatakiwa. Lakini ziko sumu nyingine zisizojitangaza hata kidogo, na mbili kati yake hukaa katika vyakula vile tuvipendavyo zaidi: mahindi na mihogo.

Sumu isiyo na harufu

Mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa muda wa miezi michache, wala hakuna aliyejua ugonjwa wao. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba ndege wale walilishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na mashudu yale yalikuwa yameota kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Kutokana na jina hilo sumu yake ikaitwa aflatoksini. Siku hizi jirani zetu wa Tanzania huiita sumukuvu, na neno hili lafaa sana.

Kuvu hii hupenda joto na unyevu. Hushika mahindi na karanga, hasa zikivunwa kabla ya kukauka au zikiwekwa ndani zingali na maji. Kuvu yenyewe yaweza kuonekana, lakini sumu yake haina rangi, wala harufu, wala ladha. Ukiyasaga mahindi yale, ukauchekecha unga wake na kuupika mpaka bugali ukaiva kabisa, kuvu itakufa lakini sumu itabaki, maana moto wa jikoni hauiwezi. Ikiliwa kwa wingi huharibu ini kwa siku chache, na mtu hufa. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye ugonjwa wa ini wa aina ya B. Tena wataalamu wameiona mara nyingi ikiandamana na kudumaa kwa watoto.

Jirani zetu wameionja sumu hii kwa machozi. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua, na 125 kati yao walikufa. Wachunguzi walichukua sampuli 350 za mahindi na unga masokoni. Zaidi ya nusu zilipita kiasi kilichoruhusiwa wakati ule, na katika kila sampuli 100, 7 zilikipita kiasi hicho zaidi ya mara 50. Waliona pia kwamba waliougua zaidi ni wale waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba zao. Mwaka 2016 msiba wa namna hiyo ulifika Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara: watu 68 waliugua, na 20 wakafa.

Nilipowasomea wanafunzi wangu habari hizi walinyamaza. Kisha mmoja akasema, “Mwalimu, kwetu mahindi yako chini ya kitanda.” Darasa zima likacheka, maana kila mmoja alijua kwamba hata kwao yako hapo. Nani ataacha mahindi yake ghalani nje, katika nchi hii ya wezi na ya vita? Mvua zetu zaanza Septemba, nazo huendelea mpaka Mei. Mahindi mengi huvunwa mbingu zikiwa bado zina mawingu. Twayaficha yasiibiwe, na hapo hapo twayapa kuvu nyumba.

Kazi ya bambo

Sasa fikirini ugumu wa kuipima sumu hii. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi yetu ilijiunga nayo mwaka 2022, imeruhusu katika mahindi sehemu 10 za sumukuvu katika sehemu milioni elfu. Ni kusema gramu 10 katika mahindi ya tani 1,000. Jicho gani litaona kitu hicho? Hapana budi kuwe na maabara, na dawa zake, na mtu aliyesoma.

Tena sumu hii haienei sawasawa katika gunia. Punje chache zaweza kuwa zimejaa sumu, na zilizo karibu yake zisiwe na kitu. Kwa hiyo mpimaji mwaminifu hachoti kiganja kimoja cha juu na kuondoka. Huchukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, akalichoma gunia juu, katikati na chini, na magunia mengine vivyo hivyo. Huchanganya yote, husaga, ndipo huchukua kidogo cha kupeleka maabara. Ukimwona mtu aja kupima gunia zako bila bambo, ujue amekuja kwa kazi nyingine.

Lango la mbele na mlango wa uani

Katika nchi yetu kazi hii ya maabara iliwekwa hasa mikononi mwa shirika la serikali lijulikanalo kwa herufi OCC. Lilianzishwa mwezi wa Januari 1974, na siku zile za Zaire liliitwa OZAC. Kazi yake ni kuangalia bidhaa zinazoingia na kutoka: wingi wake, bei yake, na ubora wake. Lori la mchele au la mafuta likifika mpakani, ni wao wanaopaswa kuchukua sampuli na kutoa cheti. Kuna pia idara ya karantini ya wanyama na mimea, na wakaguzi wa usafi wa maeneo ya afya, kama vile Ibanda, Kadutu na Bagira.

Tangu mwezi wa Februari 2025, mji wetu ulipoingia mikononi mwa wapiganaji wa M23, kazi za ofisi za serikali ya Kinshasa zilivurugika, nasi sote twajua hivyo. Lakini sitaki mtu adhani kwamba kabla ya hapo unga wetu ulikuwa ukipimwa wote. Sivyo. Simameni asubuhi kwenye njia ziingiazo mjini mwone wenyewe. Mihogo mikavu yatoka Walungu na Kabare, imebebwa mgongoni na akina mama kwa kamba ya paji la uso. Maharagwe na mahindi yashuka kutoka mashuani, yakitoka Idjwi na Kalehe. Unga mwingine wavuka daraja la Ruzizi katika mafungu madogo madogo kichwani. Vitu hivi havina cheti, wala havipiti maabara yoyote. Mlinzi asimama kwenye lango la mbele, na chakula cha maskini huingia kwa mlango wa uani.

Sisemi hivyo ili akina mama wale watozwe kitu kingine njiani. Vizuizi vimewatoza vya kutosha! Nasema hivyo ili tufahamu kwamba kipimo kinachongoja malori peke yake hakitaifikia sahani ya mtu wa Kadutu.

Magunia mawili

Basi wakati mwingine wakaguzi huja sokoni. Nitawasimulia niliyoyaona mwenyewe miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nimeketi karibu na mama yangu siku ya Jumamosi. Walikuja watu watatu wa ofisi moja ambayo sitaitaja. Walipita kati ya meza, wakasimama mbele ya jirani yetu, mjane mwenye watoto watano, wakayashika magunia yake mawili ya unga wa mahindi.

“Unga huu haufai,” mmoja wao akasema.

Yule mama akamjibu kwa upole, “Baba, haufai kwa nini?”

“Maabara itasema.”

Wakayabeba. Hawakuwa na bambo. Hawakuandika jina lake, hawakumpa karatasi, wala hawakumwambia arudi siku gani. Magunia yale mawili alikuwa ameyanunua kwa fedha za likilimba aliyoipokea juma lile. Ilikuwa zamu yake baada ya kungoja miezi mingi. Alikwenda ofisini mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa mkubwa hayupo. Mara ya pili, kwamba majibu hayajatoka. Mara ya tatu mlinzi hakumfungulia mlango. Baada ya hapo aliuza makaa kwa mwaka mzima.

Wasomaji wangu, sisemi kwamba unga ule ulikuwa mzuri. Huenda ulikuwa na sumu kweli, na huenda watu wale waliwaokoa watoto wengi siku ile. Hilo ndilo linaloniuma: mpaka leo hatujui. Bwana Afya wa zamani alipotupa samaki, kila mtu aliona samaki ameoza. Watu hawa walichukua unga mweupe usio na harufu, wakaondoka nao, na hakuna aliyeonyeshwa kitu. Akina mama wa soko wangefikiri nini? Walifikiri kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefikiri: kwamba kupimwa ni jina jingine la kutozwa.

Na matokeo yake yalikuwaje? Tangu siku ile, mtu akipiga mluzi mwanzoni mwa soko, magunia hufunikwa kwa nailoni na kukimbizwa katika vyumba vya jirani visivyo na dirisha. Huko hukaa mpaka jioni, pengine siku mbili, yakitoka jasho. Sasa nanyi mmekwisha kujua kuvu hupenda nini. Ukaguzi uliokuja kuondoa kuvu uliiongeza.

Karatasi za manjano

Miaka michache baadaye nilijifunza kwamba jambo hili laweza kufanywa kwa namna nyingine. Lakini kwanza nieleze habari ya mihogo.

Mihogo, hasa ile michungu, ina ndani yake kitu ambacho hugeuka kuwa sianidi, sumu kali. Bibi zetu hawakulijua jina hilo, lakini dawa yake waliijua sana. Waliiloweka mihogo majini siku tatu au nne mpaka ikalainika, au waliimenya na kuivundika katika lundo lililofunikwa majani ya migomba, kisha wakaiparua na kuianika juani. Kazi ile ndefu ndiyo iliyoiondoa sumu. Kwa hiyo naweza kusema kwamba mpimaji wa kwanza wa chakula katika nchi hii alikuwa bibi, na maabara yake ilikuwa mtungi.

Pale kazi hiyo inapofupishwa, ugonjwa uitwao konzo huja. Daktari Giovanni Trolli aliandika habari zake mwaka 1938, alipouona katika nchi ya Kwango. Jina hilo ni la Kiyaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima, na kesho yake miguu imekakamaa. Wala haiponi tena. Huwapata hasa watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa, katika nyumba ambamo mihogo michungu huliwa kila siku bila samaki wala maharagwe ya kutosha. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,100 walipatwa nao katika mkoa wa Nampula, nchini Msumbiji. Na mwaka 2011 wataalamu waliandika kwamba umeonekana hata hapa kwetu Kivu Kusini, katika taabu za vita. Mwenye kukimbia hana siku nne za kungoja mtungi.

Wala si vita peke yake. Katika miaka ya 1980 watafiti waliona huko Bandundu kwamba barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipowaletea wanunuzi wengi, akina mama walianza kuloweka mihogo siku chache kuliko desturi, maana lori halingoji.

Basi siku moja mtafiti mmoja alifika shuleni kwetu na sanduku dogo. Ndani yake mlikuwa na vichupa vyenye vifuniko na vipande vya karatasi ya manjano. Njia hii ilitengenezwa na Profesa Howard Bradbury na wenzake huko Canberra, Australia. Unatia unga kidogo katika kichupa pamoja na maji na karatasi yenye kimeng’enya, unaning’iniza karatasi ya manjano juu yake, unafunga, na unaacha mpaka kesho. Kama unga hauna sianidi, karatasi hubaki ya manjano. Kadiri sumu inavyozidi, ndivyo karatasi inavyogeuka kuwa ya rangi ya udongo. Kuna kadi ya rangi ya kulinganishia, na mtoto wa miaka 12 aweza kuisoma. Kiasi kinachoruhusiwa na mataifa ni miligramu 10 katika kilo moja ya unga.

Niliwaambia wanafunzi walete unga wa nyumbani kwao, kila mmoja kijiko kimoja. Tuliandika majina juu ya vichupa, tukavifunga kabatini. Kesho yake tulipofungua, darasa lilikuwa kimya kama kanisa. Karatasi nyingi zilibaki za manjano. Chache zilikuwa zimegeuka kidogo. Lakini tatu zilikuwa za rangi ya udongo kabisa, na zote tatu zilitoka katika unga mweupe kuliko mwingine wote.

Msichana mmoja alishika kichupa chake akasema, “Mwalimu, si kweli. Huu ndio unga wa bei ghali.”

Habari ilifika nyumbani kabla ya jua kutua. Jumamosi iliyofuata walikuja akina mama kumi na mmoja, na kati yao mlikuwa na wauzaji wanne. Sikuwahubiria. Niliwaonyesha vichupa na kadi, wakavigeuza-geuza wakasoma wenyewe. Muuzaji mmoja, mama mzee mwenye heshima, alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: “Mwanangu, wanunuzi wanataka mweupe, nasi twawapa mweupe.” Akatueleza. Unga wa mihogo iliyolowekwa au kuvundikwa vizuri huwa na rangi kidogo na harufu yake ya uchachu. Wa mihogo iliyomenywa, ikakatwa na kuanikwa upesi bila kuloweka, hung’aa kama chokaa, tena huwa tayari kwa siku mbili. Mnunuzi huupita ule wa kwanza akiukunjia pua, hulipa zaidi kwa ule wa pili.

Hakuna aliyenyang’anywa kitu siku ile. Hakuna aliyepiga mluzi wala kukimbiza gunia. Muuzaji mmoja aliuliza kama aweza kupewa vichupa viwili akapime unga wa watu wanaomletea kutoka vijijini kabla ya kuwalipa. Nilistaajabu. Mtu yule yule aliyemkimbia mpimaji alitaka sasa kuwa mpimaji, kwa sababu moja tu: alionyeshwa.

Lililo la kila mmoja

Wahenga walisema, si vyote ving’aavyo ni dhahabu. Nami naongeza, si unga wote ung’aao ni chakula. Sumu hizi mbili zimetufundisha kwamba jicho halitoshi tena. Lakini zimetufundisha pia kwamba maabara peke yake haitoshi, maana kipimo kisichoonyeshwa kwa mwenye chakula na kwa mlaji hakiaminiwi, na kisichoaminiwa hukimbiwa. Basi yafaa kila mtu ashike sehemu yake.

Kwanza wenye mamlaka, hata wawe nani. Wapime chakula kinacholiwa na wengi, siyo kile tu kipitacho kwa lori. Mkaguzi akichukua sampuli, atoe karatasi yenye jina, tarehe na uzito, naye achukue kilo moja, asibebe magunia mawili. Majibu yabandikwe sokoni, mazuri na mabaya, kwa Kiswahili ambacho kila mama aweza kukisoma au kusomewa. Na unga ukionekana kuwa mbaya, uharibiwe hadharani kama samaki wa Bwana Afya, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba umeuzwa mtaa wa pili. Tena mjane asiachwe na hasara yote peke yake. Mahali pa kukaushia penye paa na sakafu safi, pakijengwa karibu na soko, pangeokoa unga mwingi kuliko faini.

Pili wauzaji na wakulima. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, siyo juu ya udongo, mpaka punje ikitafunwa ivunjike kwa mlio. Punje zilizoota kuvu, zilizovunjika au kubadili rangi zichaguliwe na kutupwa kabisa. Najua desturi iliyopo: mbaya hutengwa kwa ajili ya kuku au pombe. Lakini sumu hii haipotei kwa kubadilisha chombo. Kuku atakufa nayo, na mnywaji atainywa. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Na mihogo ipewe siku zake.

Tatu sisi wanunuzi, maana fedha zetu ndizo zinazomwagiza muuzaji. Tukiacha kuulipia weupe, weupe utaacha kutengenezwa. Mwulize muuzaji, “Mama, mihogo hii imelowekwa siku ngapi?” Swali hilo moja likiulizwa na watu mia kwa siku, lina nguvu kuliko wakaguzi watatu.

Na nyumbani, kama una shaka na unga wa mihogo, iko njia ambayo Profesa Bradbury na wataalamu wa Kongo waliifundisha tangu mwaka 2010 katika vijiji vya Popokabaka. Tia unga katika bakuli, usawazishe, uweke alama ya kimo chake kwa ndani. Ongeza maji ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena mpaka kwenye ile alama. Acha hapo. Utandaze unga huo ulioloa juu ya mkeka safi, unene wake usizidi sentimita moja, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini. Sianidi itatoka hewani, nawe upike bugali siku ile ile. Hakuna gharama ila maji na subira. Lakini kumbukeni vizuri: njia hii ni ya mihogo tu. Kwa sumukuvu ya mahindi na karanga hakuna dawa ya jikoni. Dawa yake ni kukausha na kuchagua kabla.

Mama yangu ameacha kuuza sasa, miguu yake imechoka. Lakini mtu akimletea zawadi ya unga, bado hutia mkono ndani, hunusa, kisha huniita: “Mwalimu, leta kichupa chako.” Mara nyingi vichupa vimekwisha, nami sina cha kumletea. Ndipo huuliza unga umetoka kwa nani na umelowekwa siku ngapi, na asipopata jibu hautii katika sufuria mpaka umekaa mkekani saa zake.